Chhath: kwa nini kuanza na jua linalozama?

Nikiuliza darasani sikukuu za Wahindu, najibiwa Diwali, kisha Holi, kisha kimya. Si ajabu. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki asili yao ni Gujarat na Punjab, nasi tumejifunza kwa kuwatazama majirani. Chhath ni sikukuu ya Kihindu ya majimbo ya India ya Bihar, Jharkhand na mashariki ya Uttar Pradesh, na ya nyanda za chini za Nepal, na huko wengi huiona kubwa kuliko hata Diwali.

Jina lenyewe maana yake ni "ya sita", kwa kuwa kilele chake ni siku ya sita baada ya mwezi kuandama, Diwali ikishapita. Mwaka 2025 iliadhimishwa tarehe 25 hadi 28 Oktoba. Wanaoabudiwa ni Surya, yaani jua, na Chhathi Maiya, mama mlinzi wa watoto.

Aliyezoea Ramadhani ataelewa upesi uzito wa saumu hii. Siku ya kwanza ni kuoga na kula mlo mmoja: wali, dengu na mumunye, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu. Siku ya pili mfungaji, mara nyingi mama wa nyumba ingawa wanaume nao hufunga, hali wala hanywi mpaka magharibi. Hapo hula wali wa maziwa uliotiwa sukari guru. Hiyo ndiyo futari yake, na ndilo daku lake pia. Kuanzia hapo hakuna tonge wala tone la maji kwa takriban saa 36.

Jioni ya siku ya tatu familia nzima huteremka mtoni. Patna, mji mkuu wa Bihar, ni mto Ganga. Kwingine hata bwawa hutosha. Mfungaji huingia hadi maji yamfike kiunoni, akauinua ungo wa mianzi wenye ndizi, nazi na thekua, andazi gumu la ngano, sukari guru na samli. Maziwa au maji humiminwa mbele ya ungo, jua likizama. Alfajiri hurudi papo hapo kulingoja lichomoze.

Kuhusu kuanza na jua linalozama, jibu ninalopewa sana ni shukrani kwa siku iliyokwisha kutoa mwanga wake. Nalikubali, ila kwangu uzito uko kwenye usiku wa katikati, kiu ikiwa kooni na jua halipo.

Wala pandit, yaani kuhani wa Kihindu, hahitajiki. Na nyungo hizo, kwa desturi, husukwa na Wadomu, watu waliowekwa chini kabisa katika matabaka. Wapo wanaosema Chhath imefuta utabaka. Hapo wanatia chumvi. Kununua ungo kwa mtu si sawa na kula naye.

Jua likitoka, saumu hufunguliwa kwa tangawizi na maji, thekua zikagawiwa. Hukaa siku nyingi bila kuharibika, hivyo anayerudi kazini Delhi huzitia kwenye begi, akawape walioshindwa kupata tiketi ya treni ya kwenda nyumbani kwa sikukuu.