Anakula vizuri lakini anakonda: tuiangalie shingo

Mama mmoja anayeanika na kuuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alinifungulia pindo la kanga akatoa vyeti vitatu vya kipimo cha VVU. Vyote hasi. "Daktari, majirani bado wananong'ona," akasema. "Nakula ugali kuliko wanangu, na sketi zinanivuka."

Nilimshika mkono. Kiganja kilikuwa cha moto na kimelowa jasho, vidole vinatetemeka. Mapigo ya moyo yalikuwa 124 kwa dakika, naye amekaa ametulia. Kwa kawaida ni kati ya 60 na 100. Ameniruhusu nisimulie haya, kwa sababu alizunguka karibu mwaka mzima bila mtu kumpima thairoidi.

Tezi hii iko mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, na umbo lake ni kama kipepeo. (Si tezi dume, swali hilo naulizwa kila wiki.) Homoni zake ndizo zinazoamua mwili utumie chakula kwa kasi gani. Zikizidi, kila kitu kinakimbia: moyo, tumbo, hata mawazo. Mtu hapati usingizi, anaona joto wenzake wakijifunika, anaharisha, hedhi inavurugika. Kwa wazee dalili hujificha. Pengine utaona uchovu tu na moyo unaopiga ovyo.

Chanzo kikubwa ni ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835. Kinga ya mwili inaichochea tezi bila kukoma, na wakati mwingine macho hutokeza. Wanawake huupata zaidi. Mvutaji sigara mwenye ugonjwa huu namsihi aache leo, maana moshi huyaharibu macho hayo zaidi. Wengine wana rovu la miaka mingi lenye vinundu, ambavyo huanza kutengeneza homoni bila kusubiri amri ya ubongo.

Kipimo ni damu tu: TSH, yaani homoni ya kwenye ubongo inayoiamrisha tezi, hushuka sana, na T4 au T3, homoni za tezi yenyewe, hupanda.

Mama yule nilimwanzishia kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, ambayo kwa Graves hutumika miezi 12 hadi 18, pamoja na propranolo ya kutuliza moyo. Mwenye pumu aniambie kabla, kwani propranolo inaweza kumbana kifua. Anayetarajia mimba naye aseme mapema, tubadilishe dawa.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Kwa wachache, kabimazoli hushusha chembe nyeupe za damu ghafla. Huku kwetu Kanda ya Ziwa mtu akipata homa huwaza malaria, akapitia duka la dawa, akalala. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, acha vidonge uje hospitali siku hiyo hiyo. Malaria tutapima, na chembe nyeupe tutazihesabu.

Dawa zikishindwa, kuna iodini ya mionzi ya kuidhoofisha tezi, ambayo mjamzito hapewi kabisa, au upasuaji. Baada ya njia hizo wengi hupungukiwa homoni, wakameza levothairoksini, kidonge cha kuziba pengo la homoni hiyo, kila siku maisha yao yote.

Juzi mama alirudi kliniki, mwezi wa tano wa dawa. Mapigo 82. Alikuwa amevaa sketi ileile, pini ya kiunoni ameshaitoa.