Gari Inachemsha? Kabla Hujanunua Rejeta, Angalia Inachemshia Wapi

Mi nafundisha ufundi wa magari chuoni, na gari zinazotuumiza roho ni zile ambazo mwenyewe ashanunua rejeta, ashanunua wota pampu, hela imeisha na mshale wa joto bado unapanda, halafu ukimuuliza inachemshia wapi anakwambia inachemsha tu. Jamani hilo swali ndo nusu ya kazi.

Kama inachemsha kwenye foleni, ukishika spidi mshale unashuka wenyewe, anza na feni. Gari ikikimbia upepo unapita kwenye rejeta wenyewe, ikisimama inategemea feni peke yake. Washa gari, washa AC, fungua boneti, kwa gari nyingi ndogo za Kijapani feni inatakiwa izunguke hapo hapo. Kuna dada alikuja ashaambiwa injini imekufa, tukachomoa relei ya honi, kile kiswichi kidogo cha umeme, maana inafanana na ya feni, tukaichomeka kwa feni, ikavuma palepale. Relei tu! Na alishaanza kutafuta mteja wa kumuuzia ile gari.

Ikiwa foleni iko poa ila ukipanda mlima wa Kitonga na mzigo mshale unakimbilia juu, hapo mara nyingi rejeta imeziba. Na kwa sisi wa Dar tuambiane ukweli, maji ya kisima yenye chumvi ndo yanatumalizia rejeta, ile chumvi inaganda ndani ya vijibomba vyembamba mpaka maji hayapiti. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Kujua kama imeziba, injini ikishapata moto izime, chomoa waya wa feni maana inaweza kuwaka yenyewe, halafu sogeza kiganja taratibu mbele ya rejeta, ukikuta kipande kimepoa katikati ya penye moto basi hapo pameziba.

Sasa themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi akikwambia tuitoe nchi yetu ya joto, mkatalie kabisa. Nyingi zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hadi 88 hivi, ukiitoa injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta ya gari inadhani bado ni baridi inazidi kumwaga mafuta, unalalamika gari inakunywa kumbe chanzo ni hicho. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, maji yakichemka kabisa na yenyewe bado imejifunga, imekufa, nunua mpya urudishe.

Maji yakipungua kila siku na chini hakuna tone, chomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mara nyingi gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku, imeungua na maji yanaingia kwenye oili, usiwashe tena hata kwa kilomita moja, ita gari la kuvuta.

Mfuniko wa rejeta nao watu wanaudharau, ila wenyewe ndo unashikilia presha inayofanya maji yapite nyuzi 100 bila kuchemka, raba yake ikikatika mfumo mzima umelegea. Lakini usiufungue ukiwa wa moto, nakuomba sana, nimeona mkono wa kijana umebabuka mpaka kwenye kiwiko. Subiri hata saa nzima, mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta bila kuungua, ndo uweke kitambaa ufungue pole pole, na maji uongeze kidogo kidogo, ukimwaga ya baridi kwenye injini ya moto hedi inaweza kupasuka.