Obama hakuibukia Boston

Wengi husimulia kwamba Barack Obama aliibuka ghafla mwaka 2004, kwa hotuba moja tu aliyoitoa Boston, kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha Democratic. Si kweli. Tangu Januari 1997 alikuwa seneta katika bunge la jimbo la Illinois, akiwakilisha mitaa ya kusini mwa Chicago. Miaka sita ya mwanzo chama chake kilikuwa cha wachache katika Seneti ya jimbo, na miswada yake mingi ilikwama. Mwaka 2000 akajaribu kumng'oa Bobby Rush, mbunge katika Bunge la Marekani, akabwagwa vibaya. Chama chake cha Democratic kilipotwaa wingi katika Seneti hiyo mwaka 2003, mambo yakafunguka. Sheria aliyoisukuma ya kurekodi mahojiano ya polisi na watuhumiwa wa mauaji, kwangu mimi, inazidi ile hotuba: polisi waliipinga mwanzoni, lakini ikapita Seneti bila kura ya kupinga.