Lugha ya ishara kwa mtoto mdogo: vifaa vya kutafuta na vya kuacha

Mzazi akishaamua kumfundisha mtoto lugha ya ishara, kwa kawaida hushika simu na kutafuta video. Zinamiminika, ila nyingi si za lugha anayoihitaji. Hakuna lugha moja ya ishara ya dunia nzima, wala lugha ya mdomo haikuonyeshi njia. Wamarekani na Waingereza wote huzungumza Kiingereza, lakini lugha za ishara za viziwi wao ni mbili tofauti kabisa. Ile ya Marekani ina undugu na ya Ufaransa, kwa kuwa shule ya viziwi iliyofunguliwa Hartford, Marekani, mwaka 1817 ilikuwa na mwalimu kiziwi kutoka Paris, Laurent Clerc. Hata herufi zinazoundwa kwa vidole hazifanani: Marekani huziunda kwa mkono mmoja, Uingereza kwa miwili.

Kwa hiyo jua kwanza lugha ya ishara ya viziwi wa nchi yako inaitwaje, kisha itafute kwa jina lake kamili. Ukitafuta kwa Kiswahili, andika “lugha ya ishara” na pia “lugha ya alama”, maana yote mawili yanatumika na kila moja huleta vitu vyake. Kamusi ya mtandaoni ya Spreadthesign huweka neno moja katika lugha nyingi za ishara, video kwa video. Inafaa kwa kuhakiki unapokuwa na shaka kama ishara uliyojifunza si ya ugenini. Lakini kamusi hukupa maneno tu.

Kadi za picha ndizo zinazonunuliwa na kuchapishwa kwa wingi, na ndizo ninazoziamini kidogo kuliko vyote. Ishara hujengwa kwa mambo matano: umbo la mkono, mahali mkono ulipo, mwendo wake, upande kiganja kinakoelekea, na uso. Picha hunasa umbo na mahali. Mwendo huachiwa mshale, na uso husahaulika. Nyusi zilizoinuliwa au kukunjwa zinaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya swali na maelezo, kwa hiyo si pambo. Kadi iwe ya kukumbusha ishara ambayo umekwisha kuiona kwa mtu.

Video nzuri inajulikana upesi. Anayeashiria ni kiziwi, au mtu aliyeikulia lugha hiyo. Anaonekana kuanzia kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa. Nguo yake ni ya rangi moja isiyofanana na ngozi yake. Na baada ya ishara moja huitumia ndani ya sentensi. Video isiyotaja ni lugha ya ishara ya nchi gani, iache. Jihadhari pia na kosa la kioo. Aliye mbele yako akitumia mkono wa kulia, unauona upande wako wa kushoto, nawe unaiga kwa kushoto. Amua mkono wako mkuu, wa kulia au wa kushoto, usiubadilishe. Viganja navyo hupinduliwa: mwanafunzi huziunda herufi zikimtazama yeye mwenyewe badala ya anayezungumza naye.

Programu nyingi za simu huanza na alfabeti. Kwa mtoto wa miaka miwili asiyejua kusoma, herufi za vidole hazimfikishi popote. Orodha za “ishara za watoto wachanga” nazo hazina sarufi. Kwa mtoto anayesikia ni nyongeza tu, lakini kwa mtoto kiziwi ni njaa ya lugha.

Chini ya miaka miwili, mtoto hujifunza kidogo sana kutoka kwenye skrini akilinganishwa na anayejifunza kwa mtu. Hivyo video ni ya mzazi; mtoto anahitaji mtu mzima kiziwi wa kuzungumza naye mara kwa mara. Anzia chama cha viziwi, shule ya viziwi au mkalimani, na uliza nani hufundisha familia nyumbani. Mwalimu kiziwi ndiye atakayekuambia pia kwamba ishara fulani ya mtandaoni hakuna anayeitumia.

Nyumbani, kinachoharibu zaidi ni haraka. Mtoto hawezi kutazama kikombe na mikono yako kwa wakati mmoja. Ukiashiria huku macho yake yako kwenye kikombe, hakuna ulichosema. Mwache atazame, mguse bega au mpungie mkono, ngoja ainue macho, ndipo uashirie. Njia nyingine ni kukisogeza kikombe karibu na uso wako. Kaa chini, usawa wa macho yake, dirisha likiwa mbele yako. Likiwa nyuma, uso wako unakuwa giza. Kitabu kiwe magotini pako yeye akikutazama, au ashiria juu ya picha yenyewe.

Anza na maneno kumi hadi kumi na tano ya shughuli za kila siku: tena, basi, wapi, mama, maji. Ataanza na maumbo mepesi, ngumi, kiganja kilichokunjuliwa na kidole cha shahada, na atazungusha mkono mzima kutoka begani pale wewe unapotumia kiwiko au kifundo. Usimshike mikono kumrekebisha. Mjibu kwa ishara iliyo sahihi, endelea na mazungumzo.

Maneno yasiyopatikana popote, kama majina ya ndugu na vitu vya nyumbani kwenu, mwombe mwalimu wenu kiziwi ridhaa umrekodi. Simu iwe imetulia usawa wa kifua, mwanga umwangukie usoni, kila neno mara mbili: peke yake, kisha kwenye sentensi fupi. Lipe kila faili jina la neno lenyewe, na uwatumie bibi, shangazi na mlezi, ili mtoto asikutane na ishara tatu za “maji” kwa siku moja.