Nesi akianza kukuita "kitanda namba saba"

Nimekaa wodini miaka kumi na kitu, sahivi nafundisha wanafunzi wa uuguzi, na swali ninalokutana nalo sana mtaani ni hili: hivi manesi mnakuwaga na roho mbaya kwa nini? Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi na mimi nauliza, huyo nesi alikuitaje, kwa jina au kwa namba ya kitanda?

Maana kuitwa namba ndo dalili yenyewe ya nesi aliyechoshwa na kazi. Watafiti wa saikolojia Christina Maslach na Susan Jackson walipotoa kipimo chao cha uchovu wa kazi mwaka 1981 waliugawa mafungu 3: hisia zinakauka, halafu unaanza kumuona mtu kama kitu, halafu unajiona hakuna unachofanikisha kazini. Uchovu huu sio wa usingizi. Usingizi ukilala unaisha, huu unakaa off siku mbili, ya tatu unavaa yunifomu tumbo tayari linakuvuruga. WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa, wameuandika kama jambo linalotokana na kazi, sio ugonjwa, na mi hapo nawaunga mkono, maana tukiuita ugonjwa tutamtibu nesi tuiache wodi ilivyo.

Nimepita humo mwenyewe. Naiti moja, zamu ya usiku, tuko manesi wawili, wodi imejaa mpaka wa chini kwenye magodoro, bibi mmoja akaniita mara ya nne anataka nimgeuze, nikamwambia "bibi na wewe, hulali?" Akanyamaza. Asubuhi naenda kumpima presha akaninyooshea mkono bila neno, kugusa shuka kumbe limelowa, usiku kucha kaogopa kuita tena.

Sasa kinachosaidia hapo ni akili hisia (emotional intelligence), neno ambalo wanasaikolojia Salovey na Mayer waliliandikia mwaka 1990, wengi wanadhani ni kutabasamu. Wee! Tabasamu la kulazimisha ndo linamaliza mtu. Akili hisia ni kujishtukia mapema, hii hasira ni ya bibi au ya mwenzangu ambaye hajatokea zamu? Mi nikishajua sio ya bibi sauti inashuka yenyewe. Wanafunzi wangu nawaambia watumie muda wa kunawa mikono, sabuni na maji WHO wanataka sekunde 40 mpaka 60, hapo hapo ujiulize umebeba nini kutoka kitanda ulichotoka.

Na kujali kwenyewe ni vitu vidogo tu, kumwambia mtu kabla hujamchoma sindano, kumuita jina lake, na ukisema "nakuja" basi uje (hii nakuja yetu imeliza ndugu wengi, tuseme ukweli).

Ila mabosi msiisome hii mkafurahi. Mimi baada ya lile la bibi niliomba tuongezewe mtu wa tatu wa naiti, nikapelekwa semina ya huduma kwa mteja, chai na sambusa, nikapewa na cheti. Jioni yake nikaingia naiti, tuko wawili.