Kulea watoto penye ng'ombe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu akisikia Mombasa hufikiria bahari na mahamri. Lakini vuka daraja la Nyali, upande juu mpaka Mwakirunge, utakuta mazizi ya ng'ombe na watoto wadogo katika ua huo huo. Wangu wawili nimewalea huko. Naandika kwa sababu baadhi ya maneno wanayopokezwa wazazi wageni wa kazi hii yanaua.

Linaloniuma zaidi ni lile lisemalo kwamba maziwa huondoa sumu. Mtoto akinywa dawa ya kupe, hukimbiziwa kikombe cha maziwa, au hutiwa kidole kooni atapike. Ukweli ni kuwa maziwa hayaizimi sumu hiyo. Na kumtapisha ni kumwongezea hatari, kwani dawa nyingi za kupe huchanganywa na viyeyusho vya jamii ya petroli, vikirudi juu huweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, umkimbize hospitali. Chukua na chupa yenye lebo yake. Daktari lazima ajue dawa hiyo ya kupe ni ya aina gani, kama ni amitrazi au ni jamii ya oganofosfeti, maana tiba zake si moja.

Amitrazi ikitiwa maji hugeuka nyeupe, huwezi kuitofautisha na maziwa kwa macho. Alfajiri moja baba watoto alibakisha kidogo kwenye chupa ya soda, akaiweka juu ya ukuta wa zizi. Mimi nimeinama nakama. Mwanangu wa miaka miwili akaifikia. Aliyeinyakua ni bibi wa nyumba ya pili, aliyekuja na jagi lake kununua maziwa. Alipoinusa, mikono ikamtetemeka. Tangu siku ile dawa haitoki kwenye chupa yake, na chupa haitoki kabatini bila ufunguo.

Ndiyo maana sivumilii nikisikia kuwa kumwachia jirani mtoto ni uvivu wa mama. Kukama ng'ombe watatu kwa mkono hunichukua karibu saa nzima, asubuhi na jioni, na mikono yote miwili imo kazini. Mkono mmoja haulei mwana, wazee walishasema. Ila jirani naye aelezwe. "Nitupie jicho" haitoshi. Mwambie ni tangu saa ngapi hadi saa ngapi, ng'ombe yupi kazaa, pipa lipi la maji halina kifuniko. Kwetu bibi huwachukua watoto baada ya swala ya alfajiri. Nami hubaki na wajukuu wake akienda soko la Kongowea. Hakuna anayemhesabia mwenzake.

Husemwa pia kuwa ng'ombe mpole hana neno. Mpole akizaa hubadilika, humlinda ndama wake hata dhidi ya mtu anayemkama kila siku. Tena ng'ombe huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Mtoto akitokea huko humshtua, na teke linalompata mtu mzima gotini humpata mtoto wa miaka mitatu kifuani.

Si kweli pia kwamba maziwa mabichi yana nguvu kuliko yaliyochemshwa. Yanaweza kuwa na vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu cha ng'ombe, navyo humwingia mtoto. Yachemshe mpaka yapande. Aliye chini ya miezi 6 hahitaji hata hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama peke yake. Na samadi kwenye kitovu cha mtoto mchanga, tafadhali, jamani, iacheni kabisa. Ndiyo njia ya pepopunda.

Nimalizie na hili la kuwa mtoto akikaa na ng'ombe atapata pumu. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo kuhusu watoto wa jamii mbili za wakulima, Waamish na Wahutterite, ambao asili zao zinakaribiana sana. Waamish hufuga kwa njia za zamani, zizi likiwa jirani na nyumba; Wahutterite wana mashamba makubwa ya mashine, mbali na makazi. Pumu ilikuwa chache zaidi kwa watoto wa Waamish, na vumbi la nyumba zao, lililojaa masalia ya bakteria wa mifugo, lilionekana kuufunza mwili kujilinda.

Hiyo si ruhusa ya mikono michafu. Ndama anayeharisha huweza kumharisha mtoto aliyemshika kisha akala muhogo bila kunawa. Mlangoni mwa zizi letu kuna kibuyu chirizi, chombo cha maji ya kunawia, kimefungwa chini, kimo cha watoto, na kipande cha sabuni kwenye kamba. Bibi ndiye aliyekifunga.