Je, wajua kwa nini tuta la bwawa halipandwi miti?

Mufindi au Njombe, mteremko hauachwi wazi muda mrefu kabla mtu hajaupanda milingoti, misindano au miwati. Ndiyo maana tuta la bwawa la udongo, lenye nyasi tupu, huwashangaza wengi, hasa pale watu wanapokwenda kuvua na kupumzika Jumapili wakakosa kivuli.

Sababu ni mizizi. Tuta hujengwa kwa udongo wenye mfinyanzi, tabaka la sentimita 15 hadi 20 kwa wakati, ukiwa na unyevu wa kiasi, kisha hushindiliwa ili pasibaki upenyo wa maji. Mzizi hai hulegeza udongo huo, lakini ubaya wenyewe huja ukifa: unaoza na kuacha tundu refu ndani ya tuta. Kwa hiyo kukata mti na kuacha kisiki hakusaidii. Msindano ukikatwa haufufuki, mizizi yake huanza kuoza. Mlingoti huchipua tena, na mizizi ikaendelea kunenepa.

Bwawa la kuzuia mafuriko lina hatari ya ziada. Maji yake huachwa chini makusudi ili libaki na nafasi ya kupokea mafuriko, hivyo sehemu ya juu ya tuta hukaa kavu miezi mingi. Matundu ya huko hayavuji, basi hakuna anayeyajua mpaka mvua kubwa za masika zipandishe maji. Yakishapata njia, maji hubeba udongo chembe kwa chembe na tundu linapanuka. Bwawa la Teton, Marekani, halikuwa na shida ya miti, ila linaonyesha kasi ya mmomonyoko wa ndani: Juni 5, 1976, maji ya tope yalionekana yakivuja mnamo saa moja na nusu asubuhi, kufikia saa sita mchana tuta lilikuwa limebomoka.

Mche mdogo ung'oe mapema. Kwa mti mkubwa, teremsha maji kwanza, chimbua kisiki na mizizi minene, laza kingo za shimo, kisha jaza udongo wa aina ileile kwa tabaka na kushindilia. Juu panda ukoka na uukate mara kwa mara, maana nyasi ndefu huficha mashimo ya fuko na sehemu zenye unyevu. Miti ya kivuli ikae mbali na kitako cha tuta, angalau urefu wa mti uliokomaa, wala isisogelee utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada bwawani: gogo moja likiuziba, maji hupita juu ya tuta.

Ukiona maji yakichuruzika chini ya tuta, yakinge kwenye chupa angavu. Yakiwa maangavu, weka alama mahali pale, pima kiasi kila siku na mwite mhandisi. Yakiwa na tope, waondoe kwanza watu walioko bondeni.